Mikono Mitupu Mbele ya Kisu

Walimu wenye taji

Mchoro wenyewe ni mdogo, wa wino juu ya ngozi. Wanaume wawili wamesimama uso kwa uso. Mmoja ameinua jambia juu ya kichwa, ncha ikitazama chini, kama seremala anayetaka kupigilia msumari kwenye kifua cha mwenzake. Huyo mwenzake hana kitu mkononi, ila kichwani amevaa taji. Si taji la mfalme. Ndani ya kitabu hiki, mwenye taji ndiye anayejua jibu. Wanafunzi wake, wanaofuata katika michoro ya mbele, wamefungwa utepe chini ya goti. Na yule anayejua namna ya kulivunja jibu lenyewe amevaa vyote viwili, taji na utepe.

Kitabu ni *Ua la Mapigano* cha Fiore dei Liberi, mwalimu wa upanga kutoka Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia. Nakala mojawapo ina tarehe ya mwaka 1409, na kimetungwa kwa heshima ya Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara. Fiore hakuwa mtu wa kukaa mezani. Anasimulia kwamba mara tano alilazimika kupigana kwa panga zenye makali, bila deraya, amevaa koti la kujazwa pamba na glavu tu, na waliomtafuta ugomvi ni walimu wenzake aliokataa kuwafunulia elimu yake. Mara zote tano, anasema, alitoka mzima.

Jambia analolizungumzia tusilichanganye na lile lililopinda ambalo Mwomani hulivaa kiunoni siku ya sherehe. La Ulaya ya karne ya 15 lilikuwa chuma kilichonyooka, chembamba na kigumu, kilichokusudiwa kupenya kwenye maungio ya deraya. Kwa sababu ya kazi hiyo, mara nyingi lilishikwa ncha ikiwa chini, na pigo likaja kutoka juu au kwa kuvuka kifua. Ndiyo maana michoro ya Fiore imejaa mikono iliyoinuliwa. Alikuwa akijibu swali la silaha ya wakati wake, wala hakudai kujibu la visu vyote vya duniani. Waliokuja kumwiga baada ya karne nyingi, wakiwa wamekabiliwa na visu vya namna nyingine, walilisahau hilo.

Majibu yake kwa jambia amewagawia walimu tisa wenye taji, na kila mmoja ana namna yake ya kumpokea adui. Makusudio yao ni matano: kumpokonya silaha, kumpiga, kumvunja mkono, kumfunga mkono usijongee, na kumwangusha chini. Ukiwatazama wote tisa kwa pamoja, kitu kimoja hakibadiliki: mkono wenye silaha ndio unaoshughulikiwa kwanza. Ama unazuiwa, ama unashikwa, ama unasukumwa pembeni. Kuvunja kiwiko, kupiga mtama na mbwembwe nyingine zote huja baadaye.

Kwa nini elimu hii iliandikwa wakati ule? Fiore mwenyewe anatoa sababu: ni ndefu mno, na bila kitabu hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka hata robo yake. Lakini palikuwa na sababu nyingine. Mabwana wa Italia na Ujerumani waliishi katikati ya visasi vya koo na mapigano ya mtu na mtu yaliyoruhusiwa na mahakama, na walikuwa tayari kumlipa aliyeweza kuwafundisha kubaki hai. Mjerumani Hans Talhoffer alitengeneza vitabu kadhaa vya namna hiyo, kimojawapo cha mwaka 1467, na ndani yake majambia hayakosi. Elimu iliyokuwa ikipita kwa siri kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi ikapata makao kwenye maktaba za matajiri, ikalala humo.

Kitabu cha muuza mvinyo, 1674

Karne mbili na zaidi baadaye, ugomvi ulikuwa umehama kutoka uwanja wa mabwana ukaingia vilabuni. Amsterdam ya karne ya 17 ilikuwa bandari tajiri, na bandari tajiri haikosi mabaharia, vileo na visu. Humo aliishi Nicolaes Petter, muuza mvinyo na bingwa wa mieleka. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1674, yeye akiwa ameshafariki, kikiwa na picha 71 zilizochongwa na Romeyn de Hooghe, mmoja wa wasanii waliovuma nchini mwake. Mwanafunzi wake, Robbert Cors, ndiye aliyebaki akiendesha mafunzo.

Ni kitabu cha kupendeza kukitazama. Wanaume wenye nywele ndefu na makoti ya heshima wanashikana ukosi, wanavutana nywele, wanapigana ngwala, kisha mmoja anachomoa kisu. Hapa hakuna deraya wala jambia la vita. Ni kisu cha kawaida mikononi mwa mtu aliyekasirika, tena aliyesimama karibu mno. Petter anaanzia pale ugomvi unapoanzia kweli, yaani kwenye kushikana nguo, na kisu anakiweka kama kitu kinachozuka katikati ya ugomvi uliokwisha kuanza. Waandishi wengi waliomfuata walikiweka mwanzoni, kana kwamba adui hutoa taarifa kabla ya kukichomoa.

Baada ya hapo Ulaya ililiacha jambo hili kwa muda mrefu. Bastola zilienea, upanga ukawa pambo la afisa, na muungwana akaona kushikana mwilini ni kazi ya wahuni. Jibu lililofuata likatoka mbali.

Upanga ulio mikononi mwa mwingine

Wajapani wanahesabu shule ya Takenouchi, iliyoanzishwa mwaka 1532, kuwa miongoni mwa shule kongwe kabisa za jujutsu. Nchi ilikuwa katika karne ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na askari aliyepoteza upanga wake hakuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani kuchukua mwingine. Shule hiyo ilifundisha mapigano ya karibu, upanga mfupi pamoja na mieleka.

Lakini tukio linalosimuliwa zaidi ni la mwaka 1594. Yagyu Muneyoshi, mzee aliyekwisha kupita miaka 60, aliitwa mbele ya Tokugawa Ieyasu, bwana wa vita ambaye baadaye angeitawala Japani yote. Ieyasu alikuwa amesikia kwamba mzee huyu anaweza kusimama mbele ya upanga bila kitu mkononi. Alitaka kuona mwenyewe, kwa hiyo akashika upanga wa mti, akashambulia. Upanga ukamtoka mikononi. Ieyasu aliomba awe mwanafunzi. Muneyoshi akajitetea kwa uzee, akamtoa mwanawe Munenori aingie katika utumishi badala yake.

Kwa maoni yangu, uzito wa habari hii hauko kwenye ushindi wa mzee. Uko kwenye maneno ya mtoto. Mwaka 1632 Munenori aliandika kitabu cha siri za ukoo wao, na humo akaeleza maana ya mbinu hiyo ya kusimama bila upanga. Anasema shabaha yake si lazima iwe kumpokonya mtu silaha, wala si kuonyesha watu kwamba unaweza. Shabaha ni kutokatwa. Kama adui hataki kupokonywa, anaushikilia upanga wake kwa nguvu zote na kwa hiyo hakukati, basi huna haja ya kuung'ang'ania. Kwa mtu aliyezaliwa katika ukoo uliojipatia jina kwa kupokonya panga, hayo ni maneno mazito. Na historia yote inayofuata naiona kama mvutano kati ya shabaha hizo mbili, kupokonya na kutokatwa. Kupokonya kunapendeza macho, ndiyo sababu mara kwa mara kulishinda.

Mwaka 1876 serikali mpya ya Japani ilipiga marufuku watu kutembea na panga. Miaka sita baadaye kijana msomi, Kano Jigoro, alifungua ukumbi wake wa Kodokan ndani ya hekalu jijini Tokyo, akaichuja jujutsu ya kale ikawa judo. Mbinu hatari hakuzitupa. Alizihifadhi katika mfuatano uitwao Kime no Kata, wenye mashambulizi 20: manane wapiganaji wakiwa wamepiga magoti, 12 wakiwa wamesimama, baadhi kwa jambia na baadhi kwa upanga. Mtu wa leo hujiuliza ni nani atakayekushambulia mkiwa mmepiga magoti. Jibu ni sakafu ya mikeka ya nyumba za Kijapani, ambamo wageni walikaa goti kwa goti na mwenye nia mbaya akaja na jambia ndani ya nguo. Nyumba zilibadilika. Mfuatano ukabaki.

London na wanawake wenye virungu, 1898–1914

Mhandisi Mwingereza, Edward Barton-Wright, alirudi London mwaka 1898 baada ya kuishi Japani. Alichanganya jujutsu, ngumi, mateke ya Kifaransa na mapigano ya bakora, akauita mchanganyiko huo Bartitsu, jina lililotokana na lake mwenyewe. Klabu yake haikudumu hata miaka mitano. Ila walimu wa Kijapani aliowaleta walibaki mjini, na kwa mkondo huo jujutsu ikamfikia Edith Garrud, mwanamke ambaye urefu wake haukutimia sentimita 152.

Wanawake wa Uingereza wakati huo walikuwa wakidai haki ya kupiga kura, na silaha iliyokuwa mbele yao ilikuwa kirungu cha polisi. Sheria ya mwaka 1913 iliruhusu serikali kuwaachia wafungwa waliogoma kula, kisha kuwakamata tena wakipata nafuu. Hapo viongozi wao wakahitaji walinzi, na Garrud akawafunza. Machi 1914, katika ukumbi mmoja wa Glasgow, polisi walipopanda jukwaani kumkamata kiongozi wao, Emmeline Pankhurst, walikuta seng'enge imefichwa nyuma ya maua, na wanawake wenye virungu vyao wenyewe. Alikamatwa hata hivyo. Vita kuu ikaanza miezi michache baadaye na mambo hayo yakasimama.

Shanghai, 1907–1940

Mtu aliyeigeuza taaluma hii kuliko wote alizaliwa Rickmansworth, Uingereza, mwaka 1885. William Ewart Fairbairn aliingia jeshi la wanamaji akiwa kijana mdogo, na mwaka 1907 akaajiriwa katika polisi ya Shanghai.

Mji ule ulikuwa umekatwa vipande. Palikuwa na Mtaa wa Kimataifa uliotawaliwa na wafanyabiashara wa kigeni, palikuwa na eneo la Wafaransa, na palikuwa na mji wa Wachina wenyewe. Jambazi akinyang'anya upande mmoja, hatua chache tu zilimfikisha chini ya sheria nyingine. Kasumba ilipita bandarini, matajiri walitekwa kwa ajili ya fidia, na bastola hazikuwa adimu. Askari walikuwa Wazungu, Masingasinga kutoka Punjab, na Wachina. Inasimuliwa kwamba katika miaka yake ya mwanzo Fairbairn alivamiwa na genge vichochoroni na kuachwa hoi, na kwamba alipopata nafuu alikwenda kwa mwalimu wa Kijapani aitwaye Okada. Alisoma mbinu za Wachina pia, na baadaye Kodokan ikampa mkanda mweusi.

Tofauti yake na waliomtangulia ni hesabu. Hakuwa mwalimu anayengoja mwanafunzi atokee. Alikuwa ofisa anayewajibika kwa maisha ya vijana wanaokwenda doria usiku. Yeye na mwenzake Eric Sykes waliandika kwamba katika miaka 12 na nusu polisi wa mji ule walikabiliana na wahalifu wenye silaha mara 666. Mbinu iliyoshindwa ililetwa kwake kwenye machela.

Kutokana na hesabu hizo kilitoka *Defendu*, kitabu alichokichapisha Shanghai mwaka 1926, na kingine mwaka 1931. Somo lake la bastola bado linafundishwa hadi leo, hata na wasiojua jina lake. Mtu amekushikia bastola kwa karibu, mtutu unakaribia kukugusa tumboni. Inua mikono, alisema, usimnyime anachotaka kukiona. Yeye sasa ana kazi tatu: aone kwamba umefanya jambo, aamue, ndipo afyatue. Wewe una kazi moja tu, tena umekwisha kuiamua. Zungusha kiuno mwili utoke kwenye mstari wa risasi, na wakati huohuo mkono ushuke ukamate kifundo cha mkono wake. Lakini bastola ikiwa mbali kiasi kwamba huwezi kuigusa, somo linakoma hapo hapo.

Kuhusu kisu alikuwa mkweli zaidi. Katika kitabu chake cha miaka ya Vita Kuu ya Pili anakubali waziwazi kwamba kwa mtu asiye na kitu kabisa, hakuna kinga ya uhakika dhidi ya kisu. Kisha, badala ya kumwonyesha msomaji namna ya kukunja mikono, anamshauri achukue kiti. Wafunzi wa simba, anasema, hutosheka na kiti kidogo kumzuia mnyama. Miguu minne ya kiti ikitangulizwa mbele, mwenye kisu hajui aanzie wapi.

Tusimpambe kupita kiasi. Polisi aliyoitumikia ilikuwa ya utawala wa kigeni juu ya ardhi ya Wachina, na tarehe 30 Mei 1925 askari wake waliwafyatulia risasi waandamanaji katika Barabara ya Nanjing, watu wakafa, na China nzima ikawaka kwa hasira. Kikosi cha kuzima fujo ambacho Fairbairn alikijenga baadaye kilitokana na siku hiyo. Ustadi huu wa kujihami ulikomaa mikononi mwa watu ambao, kwa wenyeji wengi, ndio waliokuwa washambuliaji.

Siku chache tu za mafunzo

Mwaka 1940 Fairbairn na Sykes walirudi Uingereza, wazee wawili wenye nywele nyeupe, wakapewa vyeo vya kapteni na kupelekwa kufundisha makomando milimani huko Scotland. Ni wao waliobuni kisu cha komando ambacho bado kina majina yao. Mwaka 1942 Fairbairn alikuwa Marekani ya Kaskazini, akiwafunza majasusi. Mmarekani Rex Applegate, aliyeshirikiana naye, alichapisha kitabu chake mwenyewe mwaka 1943.

Vita ilileta badiliko ambalo karne za walimu hazikulileta: muda ulikwisha. Mwanafunzi wa Fiore angeweza kusoma miaka. Komando alipewa siku chache, kisha akashushwa kwa mwavuli gizani. Na hofu, walikuja kuona, humnyang'anya mtu ujanja wa vidole. Moyo ukienda mbio, mbinu yenye hatua saba hukwama kwenye ya pili. Kwa hiyo mambo yalipunguzwa: kiganja kwenye kidevu, goti tumboni, kiwiko, na basi.

Wengine walifika kwenye hitimisho hilohilo kwa njia zao. Urusi ilikuwa na Vasili Oshchepkov, aliyesoma judo Tokyo na kuwafundisha wanajeshi wa Kisovieti. Alikamatwa mwaka 1937, akafia gerezani mwaka huohuo. Mwaka uliofuata mchezo aliousaidia kuuzaa ukatambuliwa rasmi bila jina lake. Jina lake la sasa, sambo, ni kifupisho cha maneno ya Kirusi yenye maana ya kujihami bila silaha. Bratislava nako, bondia na mwanamieleka Imi Lichtenfeld, Myahudi ambaye baba yake alikuwa mpelelezi wa polisi, aliona katika miaka ya 1930 magenge ya chuki yakiingia mitaa ya watu wake. Akagundua kwamba ulingoni kuna mwamuzi, mtaani hakuna. Mwaka 1940 alitoroka kwa meli chakavu, Pentcho, iliyovunjika njiani. Alifika Palestina mwaka 1942, na mafunzo aliyowapa wapiganaji wa Kiyahudi huko yakawa krav maga ya jeshi la Israeli baada ya 1948.

Sinema na mikanda myeusi

Amani ilipokuja, mbinu za vita zilienda nyumbani na kuvaa nguo nyeupe. Mwaka 1956 Kodokan ilitoa mfuatano mpya wa kujihami wenye mbinu 21, na kati yake tisa ni za silaha: tatu za kisu, tatu za fimbo, tatu za bastola. Upanga umeondoka, bastola imeingia. Angalau hapo waliukubali wakati.

Halafu ikaja sinema. Vijana wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa waliojazana kwenye majumba ya sinema miaka ya 1970 kumtazama Bruce Lee walitoka nje wakipiga mateke hewani, na siwalaumu. Vilabu vya karate vikaota mijini kama uyoga. Katika vilabu hivyo, vya kwetu na vya ng'ambo, kisu kilikuwa cha mbao au mpira. Mshambuliaji alichoma mara moja, kwa hatua ndefu, kisha akauacha mkono hewani kwa adabu ungoje kukunjwa. Tena aliyekuwa akishambulia alikuwa rafiki yako, na mkimaliza mlikuwa mnakwenda kunywa chai pamoja.

Panga, kwa mfano, halikuwamo katika masomo hayo. Panga hufyeka. Halichomi kama jambia la Friuli. Mkono ulioinuliwa kulikinga huwa ndio wa kwanza kukatwa. Michoro ya Fiore haimsaidii mtu aliyevamiwa shambani, wala haikuahidi kumsaidia.

Watu 85 huko Victoria

Marekebisho yalianza kidogo kidogo. Mwaka 1971, huko Marekani, Matt Thomas alianza kufundisha wanawake kwa namna mpya baada ya kusikia habari za mwanamke mwenye mkanda mweusi aliyebakwa. Mshambuliaji alivalishwa makinga mazito mwili mzima ili apigwe kwa nguvu zote, naye ashambulie kwa nguvu zote na kwa matusi. Lengo lilikuwa mwili ujifunze ukiwa ndani ya hofu.

Mwaka 1983 Dennis Tueller, ofisa wa polisi wa Salt Lake City, alipima jambo ambalo kila mtu alikuwa akilikisia. Mtu mwenye kisu aliyesimama umbali wa mita 6 na nusu hivi huhitaji takribani sekunde moja na nusu kukufikia. Muda huo unakaribiana na ule anaouhitaji askari aliyefunzwa kuchomoa bastola na kufyatua. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mwenye bastola kiunoni, mwenye mikono mitupu ana nini?

Kisha akaja Darren Laur, polisi wa Victoria, Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwachukua askari 85, akawaweka kwenye zoezi lililoonekana la kawaida, na kumbe mtu waliyekutana naye alikuwa ameficha kisu cha mazoezi. Zoezi zima likapigwa video. Askari 3 tu kati ya 85 waliona kisu kabla hakijawagusa. Wengine 10 waligundua katikati kwamba wanachomwa. Waliobaki, 72, walidhani wanapigwa ngumi, na hawakujua habari ya kisu hadi zoezi lilipokwisha na wakaonyeshwa alama kwenye nguo zao.

Nadhani hakuna mchoro wala kitabu kilichoupiga utamaduni huu kwa nguvu kama namba hizo tatu. Karne sita za mafunzo zilianza na sentensi moja: adui anakuja na kisu. Laur alionyesha kwamba mara nyingi hutajua kuwa anakuja na kisu. Mashambulizi ya kweli yaliyonaswa na kamera, hasa magerezani, yalionyesha hivyohivyo: mkono mmoja umekamata nguo, mwingine unachoma haraka haraka, mara nyingi, kwa umbali wa kukumbatiana. Petter na walevi wake wa Amsterdam wasingeshangaa.

Kilichofuata ni unyenyekevu. Walimu makini waliacha kufundisha kuidaka ncha ya kisu hewani. Walirudi kwenye mambo machache: toka mbio kama mlango upo, weka meza, gari au kiti katikati, ukishindwa yote hayo, mikono yako miwili iukamate mmoja wa kwake, usiuache. Wapo wanaoona haya kufundisha kukimbia. Wahenga wetu hawakuona: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Korogocho

Kurasa za karibuni zaidi za historia hii zimeandikwa Nairobi, katika mitaa ambayo mkazi wake hana lindo wala ukuta wenye vigae vya chupa. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa kuwafunza wasichana kujihami uliendeshwa katika mitaa ya mabanda, Korogocho miongoni mwake, na watafiti wakaufuatilia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wasichana waliosema wamedhulumiwa kingono katika mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 24.6 kabla ya mafunzo. Miezi kumi baadaye walikuwa asilimia 9.2. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wamewahi kuyatumia waliyojifunza ili kuponyoka.

Mafunzo yenyewe hayafanani na *Ua la Mapigano*. Yanaanza na sauti: kusema hapana kwa ukali, kupiga kelele, kujadiliana kwa hila, kutambua mapema mtu anayekusogelea kwa nia mbaya, ambaye mara nyingi ni mtu unayemjua. Mapigo yapo, ila hayatangulii.

Korogocho hiyohiyo wapo bibi wazee, baadhi yao wenye wajukuu wa kulea, walioanza kukutana kujifunza karate baada ya wenzao kadhaa kuvamiwa na kubakwa na vijana, wengine wakiamini kwamba kwa mwanamke mzee hawataambukizwa Ukimwi. Wanapiga mfuko uliojazwa, wanapiga kelele, wanajifunza kulenga pua na sehemu za siri. Hawafundishwi kumpokonya mtu panga. Kundi lao wameliita Shosho Jikinge.